Miwani Mbili za Baba Mkwe

Pale dukani walimwita Bi Lenzi, na jina likamkaa. Miaka mitatu aliuza miwani ya jua, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Mteja aliyeingia kuulizia bei tu alitoka amevaa miwani ya kabati la kioo, ile yenye polaraizi, inayokata mng'ao wa jua unaoruka kwenye lami iliyolowa. Za bei chee za kando ya barabara alizibeza waziwazi. "Rahisi ghali," alisema. "Macho hayana spea."

Baba mkwe wake alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila asubuhi jua lilimchoma usoni. Bi Lenzi ndiye aliyemuuzia miwani ya kabatini, na mzee akajisifu kwenye kila duka alilopeleka mikate: "Hii nimechaguliwa na mkwe wangu."

Jumamosi moja duka limejaa, mzee akaingia, miwani ile imening'inia shingoni na nyingine mkononi.

"Mwanangu, niangalizie hii," akasema kwa upole. "Juzi nimevaa ile yako, mvua ilikatika jua likatoka, barabara ikawa kama kioo. Nusura nimgonge mama wa watu. Nikanunua hii kituo cha mafuta, na naona inanifaa zaidi. Au macho yangu ndiyo yamezeeka?"

Angeweza kumjibu kwa sauti ya chini. Lakini wateja walikuwa wameshageuka, na Bi Lenzi alipenda kutazamwa. Akaishika ile miwani kwa ncha za vidole, kama anayeshika mkia wa panya.

"Baba na wewe! Hii si ya kuchezea watoto? Njooni muone, jamani. Polaraizi ya kweli, ukiitazamia skrini ya simu ukaigeuza, skrini inakuwa giza. Hii haitafanya kitu."

Akatoa simu yake, akaigeuza miwani mbele ya skrini. Skrini ikafifia, ikawa giza tii.

"Na hiyo ya bei kubwa je?" akauliza mwanamke mmoja, bila ubaya wowote.

Bi Lenzi akaichukua ile ya shingoni. Akaigeuza robo, akaigeuza nusu, akairudisha. Skrini iling'aa vilevile. Mtu akacheka puani. Jaribio lile alilisikia kwa wakala wa mauzo, akalikariri pamoja na mengine. Kulifanya, hakuwahi hata siku moja.

"Simu yake hiyo ni mbovu," mzee akawahi kusema, akiwageukia wateja. "Hata mimi ilinisumbua wiki jana."

Hakuwahi kuishika simu ile. Mzee wa watu, asiyejua uongo, anadanganya hadharani ili amfunike yeye! Hilo lilimchoma Bi Lenzi kuliko kicheko.

Duka lilipofungwa akazijaribu zote za kabatini. Kati ya kumi na nne, tano zilikuwa weusi mtupu, hazina polaraizi. Akampigia mwenye duka.

"Bandua stika za 'polaraizi', endelea kuuza," akaambiwa.

Akazibandua stika, ila zile tano akaziondoa kabatini. Kesho yake akaenda kwa wakwe peke yake.

"Baba, nimekukosea mara mbili. Nilikuuzia kitu nisichokijua, kisha nikakudhalilisha mbele za watu."

"Yaishe, mwanangu. Yako ni nyepesi, haibani masikio, na naona vitu vimenyooka. Ya rahisi inakata mng'ao kweli, ila pembeni barabara inapinda, nikivaa kutwa kichwa kinaniuma. Utanitafutia yenye yote mawili."

Mama mkwe, asiyejua lolote, akaleta chai. "Mkwe leo kulikoni? Umemeza ulimi?"

Bi Lenzi akatabasamu kwa shida. Chai ikapoa mbele yake.

Alipoaga, mzee alimsindikiza hadi barabarani akimsimulia habari za mikate na matairi. Bi Lenzi aliitikia kila neno, lakini alibaki nyuma yake hatua moja, ili mzee asimwone uso.