Kinywa Kilichongoja Nundu

Zamani hapa Nyaisengo mtu akisemwa kwa wimbo alikata nyama akamlisha aliyemsema, na siku hizi anamkata mtu.

Nyaisengo si mji wa kujivunia. Ni maduka machache ya mabati kati ya Kebirigo na Itumbe, kituo cha kupimia majani chai, kanisa la Wasabato, bucha ya Sabir, na tope. Jambo moja tu lilitupa jina: obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, lenye tumbo pana kama kikapu cha kuchumia chai, lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Likipigwa huvuma mpaka mbavu zako zinaitikia. Mpigaji wa mwisho alikuwa jirani yangu, Ochoki Nyangate.

Damu haikuwa ngeni kwake. Ujanani alipigania ng'ombe kule mpakani, mshale ukamchukua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akajifunza upya kupiga nyuzi kwa vidole vilivyobaki. Alipokwenda kumposa Damaris, kaka zake Damaris walimcharaza fimbo uani waone kama atalia. Hakulia. Alitunga wimbo pale pale, kwamba kaka mkubwa anarusha fimbo kama bibi anayefukuza kuku, na kaka mkubwa akacheka mpaka akaketi chini. Ndoa ikapita.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mpiga obokano. Kwenye karamu aliruhusiwa kumsema yeyote, awe chifu, mchungaji au mwizi. Neno lililopita kwenye nyuzi halikupelekwa barazani. Aliyesemwa alikata kipande cha nundu ya fahali aliyechinjwa, mpigaji akafungua kinywa, akalishwa mbele ya watu wote, na kesi ikafia hapo. Nimeona watu waliokuwa wakitafutana kwa mapanga wakimalizana kwa kipande cha mafuta.

Mwaka jana mzee mwenzangu Ombati alimwoza binti yake, Valentine. Fahali wa karamu alikuwa mkali. Alikata kamba, akamvunja mtu mguu, akalaza nusu ya migomba ya mwenyeji kabla vijana hawajamwangusha kwa kumpinda shingo. Sabir, ambaye baba yake alifungua bucha hapa kabla ya lami kufika, akataja jina la Mungu na kupitisha kisu. Damu iliruka mpaka kwenye viti vya plastiki.

"Sabir, umetuchafulia wageni!" Ochoki akamtania.

"Huyo aliyeloa ni Msabato, mzee. Amebatizwa mara ya pili, na leo hajalipa sadaka."

Spika za kukodi zilikuwa zimetungurumia masikioni tangu asubuhi. Ombati akaomba zizimwe kidogo, wazee nao wasikie chao. Ochoki akaketi kwenye kigoda, obokano mbele yake. Meza ya mbele walikaa Joash na vijana wake, wanaojiita walinzi wa kijiji, marungu yakiwa yamelazwa kando ya sahani za pilau. Kila mtu alijua kwamba wakishapita usiku, asubuhi kuna mgomba uliokatwa. Ochoki akaimba:

"Joash wetu analinda ndizi,
analinda mpaka mkungu unaona haya,
unajipeleka wenyewe sokoni."

Wanawake walicheka wakashikana. Damaris alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Ochoki alipomaliza aliweka mikono magotini, akafumba macho, akafungua kinywa. Alikuwa anangoja nundu.

Joash hakulijua hilo. Alizaliwa hapa lakini alilelewa na simu.

"Buda anatuchoma mbele ya watu, halafu anatuachamia mdomo?" akasema, akainuka, akapiga rungu kwenye kinywa kile kile kilichofunguliwa.

Ilisikika kama hindi kavu linapovunjwa. Ochoki akaanguka na kigoda chake, meno yakabaki kwenye nyasi, na wenzake Joash wakamrukia kwa buti, mbavuni, mgongoni, shingoni. Damaris akajilaza juu ya mumewe, nao wakaendelea kupiga kana kwamba ni mwili mmoja. Wageni walisimama na simu zao wakipiga picha. Aliyeingia kati ni Sabir, kisu kikiwa bado kina damu ya fahali.

"Mwingine ainue mguu," akasema. "Jina la Mungu nimeshalitaja leo. Silitaji tena."

Joash alirudi nyuma akitema mate, akaielekezea obokano rungu. "Mzee, hiyo kitu yako uichome wewe mwenyewe. Tukija tuikute majivu. Ama tutaichoma na nyumba."

Wazee tulikutana. Nilisema Joash aletwe, apewe kisu, akate nundu mbele ya watu. Ombati akanitazama kama mtu aliyetoka mwituni.

"Omogaka, mzee wangu, dunia hiyo imekwisha. Achome tu. Si ni mti na ngozi?"

Mchungaji akaongeza kwamba vitu vya mizimu dawa yake ni moto. Ochoki, midomo imeshonwa kwa uzi mweusi, alitikisa kichwa. Damaris ndiye aliyesema kwa niaba yake: "Hajakataa kufa. Amekataa kuichoma."

Joash na vijana wake walikuja Jumamosi, watu wakiwa kanisani. Mimi siendi kanisani, kwa hiyo niliona. Walimwaga petroli kwenye ukuta wa mbao, na moto ukapanda mpaka mabati yakaanza kulia. Damaris alitoka na blanketi moja. Ochoki alitoka nyuma yake amekumbatia obokano. Joash akanyoosha mkono kuichukua.

Ochoki akaiinua yote, mti na tumbo na nyuzi, akaishusha kichwani mwa Joash. Ilivunjika kwa mvumo mmoja mrefu, na kibanzi cha mti kikamwingia Joash jichoni. Mashujaa wenzake walikimbia wakamwacha akipapasa ardhi na kumwita mama yake. Nilifika na jembe, sikukuta wa kumpiga. Nilisikitika sana.

Ukoo wa Joash ni mkubwa. Baraza likaamua kwamba, kwa ajili ya amani, anayehama ni Ochoki. Joash yuko mpaka leo, ana jicho moja, na analinda ndizi zetu.

Waliondoka kwa pikapu ya kubebea ndizi, kwenda kwa dada yake Damaris, Transmara. Ilisimama mbele ya bucha, nilipokuwa nimesimama kuwaaga. Damaris alikuwa ameketi juu ya blanketi lile, na Ochoki kando yake, mikono magotini, bila cha kushika. Sabir akatoka, akaning'inia ubavuni mwa gari, kipande cha nundu mkononi, kimekatwa kidogo kama cha mtoto.

"Fungua, mzee. Wimbo ulikuwa mtamu."

Ochoki alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akafumba macho, akafungua kinywa kile kisicho na meno ya mbele, akalishwa. Hakutafuna. Gari likapanda kilima, shavu lake limevimba kwa nyama, na Damaris ameshika mkono wake wenye kidole kilichopungua. Ndiyo mara ya mwisho nilipowaona.