Mchonga mihuri wa mkabala na ofisi ya jiji

Kabla ya kuchonga, jirani yangu hupuliza kidole gumba mara mbili, kana kwamba kina vumbi, kisha huandika jina la mteja kinyume kwa wino mwekundu kwenye kitako cha muhuri. Hata mazishini vidole vyake huwa vyekundu. Duka lake linatazamana na ofisi ya jiji; aliyesahau muhuri wake wa jina, ambao huku hugongwa badala ya saini, huvuka barabara, akarudi nao foleni haijasogea. Jumatatu nilikuwa nimempelekea tofu yake ya maharage ya soya alipoingia karani Kurosu na waraka: kuanzia Aprili, fomu za jiji hazitahitaji tena muhuri.

"Mzee, usinichukie. Mimi nimetumwa tu."

"Nikuchukie wewe? Muhuri wako wa kwanza si niliuchonga mimi? Ulikuwa unaogopa hata kuushika."

Mzee aliusoma waraka mpaka mwisho, penye alama ya muhuri wa meya. Hapo akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapuliza kidole gumba mara mbili, akaugusa ukingo wa ile alama.

"Huu nao niliuchonga mimi," akasema. "Umeanza kulika pembeni. Uleteni kabla ya Aprili niunyooshe. Tangazo kama hili lisitoke na muhuri mbovu."