Dumu la Mramba Kwenye Mtambo wa Redio

Mpaka leo nikipita sokoni Ihanda lazima atokee mtu wa kuniuliza kama redio imeshiba, nami namkazia macho mpaka anyamaze, lakini ukweli ni kwamba aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu, kwa hiyo kaeni niwaeleze, na asiyeweza kuzuia kicheko atoke nje.

Mkwe wangu Fredius, mume wa binti yangu, alikuwa fundi mgeni kwenye redio ya kilimani, kazi yenyewe bado ya majaribio. Siku hiyo alikuwa anatengeneza kifaa wanachokiita dami. Mimi sikusoma sana, ila nilimsikia akimweleza mke wake nikiwa upande wa pili wa ukuta (kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana, ndiyo heshima niliyokuzwa nayo) kwamba wakijaribu mtambo bila kurusha matangazo hewani, nguvu yake yote inamezwa na dami, inageuka joto, na maji ya tangini yanayozungushwa na pampu ndiyo yanaipoza. Mabomba yalikuwa yameziba kwa chumvi ya maji ya kisima, akayasafisha, akaleta dumu zima la maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, akaliweka mlangoni.

Binti yangu alikuwa amejifungua, basi chakula nikapeleka mimi, bitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, pamoja na dumu la mramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu, nimekamua mwenyewe. Nikatua mlangoni, nikajifunika kanga uso mzima, nataka kumwita mlinzi apokee, mara sauti ya mkwe kutoka nyuma ya mtambo: "Mzee wa geti, nimiminie hilo dumu la mlangoni kwenye tangi, mimi nimeshika bomba!"

Ningemjibuje? Nikasema moyoni, kumimina maji ni kazi gani, nikapapasa dumu la kwanza lililonijia mkononi, nikamimina lote, nikatoka kimya kama mwizi.

Mkwe akawasha mtambo. Haikupita muda ikaja harufu ya sukari inayoungua, povu likapanda, likatoka chini ya mlango, na nyuki nao hawakukawia. Watu waliokuja kuleta matangazo ya misiba wakajaa pale. Meneja akafika mbio.

"Fredius! Umeweka nini humu? Kusanya vitu vyako uende!"

Mkwe akaliona dumu la maji ya betri bado limejaa, akaitazama miguu yangu pale katikati ya watu, akajua. Akainamisha kichwa, akaanza kukusanya vitu vyake. Angemtajaje mama mkwe mbele za watu?

Nikashusha kanga. "Ni mimi. Huo ni mramba wangu. Mwacheni mkwe wangu."

"Yaani Bibi umeinywesha redio!" akapiga kelele mama mmoja, kilima kizima kikacheka, na meneja naye akashindwa kujizuia, akamwambia Fredius asafishe upya. Tukashinda pale mpaka jioni, mimi namchotea maji, yeye anasuuza mabomba.

"Mama, siyo hilo, lile."

"Hili?"

"Hilo hilo, Mama."

Siku hizi wana mtambo mwingine unaopozwa kwa feni, na Fredius amehamia Nyakatuntu na mke wake. Nyumba imepoa. Sauti ile ya "Mama, siyo hilo" naikumbuka kuliko aibu yenyewe.

Kumimina kitu nimefunika macho, sitarudia. Juzi Fredius alikuja kunisalimu, nikampa kikombe, akakichungulia.

"Mama, haya ni maji?"

"Onja kwanza," nikamwambia, namtazama usoni.