Kipande cha Mkia wa Kanda

Vijana wa redio siku hizi wakitaka kuonekana wamekomaa, wanapiga ile jazi ya mseto wanayoiita fyusheni, halafu wanashusha sauti kama wako msibani. "Sikilizeni hapa," wanasema, "sikilizeni anavyoingia." Nami nasikiliza. Nina darasa la nne na nusu, na hiyo nusu niliimalizia machungani. Lakini hapa Dodoma nilianza kuwasikiliza hao jamaa wa fyusheni kabla mama za hawa watangazaji hawajaolewa. Kwa hiyo nitasema ninachokipenda, na asiyependa azime.

Kuna kipande ambapo gitaa la besi linashuka taratibu, kama mama mnene anayeteremka mlima na debe la maji kichwani, na dramu inakataa kumsubiri. Inamzunguka, inampita, inarudi nyuma kumcheka. Mama hana habari. Akifika chini, wote wanatua kwa kishindo kimoja, na maji hayajamwagika hata tone. Jina la wimbo silijui, limeandikwa Kiingereza. Mimi niliuita Mama wa Debe, na nadhani hata waliouimba wangekubali, kama wangekuwa wameimba. Hawaimbi. Wanapiga tu, dakika tisa.

Nilipata wapi mambo haya? Kibandani kwangu. Nilibeba magunia ya mtama na karanga stesheni mpaka shingo ikaingia mabegani. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, kila mwenye akili akatafuta cha kuuza. Huyu mitumba, yule sabuni za Uarabuni. Mimi nikanunua redio kubwa ya kaseti mbili, nikasimamisha kibanda cha bati karibu na stendi ya mabasi, nikaandika mlangoni TUNAREKODI. Niliandika mwenyewe, na hapakuwa na kosa.

Mteja alileta kanda tupu, akataja nyimbo anazotaka, nami nikazinakili. Majina ya Kizungu yaliponishinda nilizipa nyimbo majina yangu, nikayaandika kwenye daftari pamoja na namba za ile kaunta ndogo ya redio. Na warekodi wote wa pale stendi tulikuwa na desturi moja: kanda haitoki na mkia mtupu. Nyimbo za mteja zikiisha na utepe umebaki, unajazia chochote kilicho karibu na mkono, asije akasema umempunja. Kwaya, mpira wa redioni, taarabu iliyokatika katikati, ilimradi mkia ulie.

Jumatatu moja nikakuta bati langu limepakwa X nyekundu. Kila mtu mjini anajua maana yake. Ukishapakwa, siku yoyote tingatinga linakuja, na kibanda kile ndicho kilikuwa chakula cha watu saba nyumbani kwangu.

Sasa, mmoja wa wakubwa wa ofisi iliyokuwa ikipaka hizo X alikuwa mteja wangu. Nitamwita Bwana Viwanja. Siku ya pili akapita na gari lake, akashusha kioo.

"Fundi, nimeona wamekupaka."

"Mmenipaka, mzee."

"Wamekupaka," akasisitiza. "Njoo nyumbani Jumamosi saa tisa. Nina kazi yako. Ukiifanya vizuri, rangi huwa inafutika."

Nikaenda. Kwenye nyumba za serikali, barazani, walikaa watu watatu: yeye Bwana Viwanja, rafiki yake aliyesoma Ulaya, ambaye ndiye aliyekuja na kanda zenyewe, na wa tatu, Mgogo mwenzangu, mtu wa upande wetu kabisa, ila alikuwa ameshaanza kuongea Kiswahili cha puani. Huyo nilimwita Wa Kwetu, moyoni. Kila Jumamosi walikutana hapo kusikiliza fyusheni. Walifumba macho, wakatikisa vichwa. Mtu aliyepita barabarani angedhani wanaumwa meno.

"Hapa saksafoni inauliza swali," alisema wa Ulaya. "Na kinanda kinajibu."

"Kinajibu nini?" nikauliza.

"Fundi," akasema Bwana Viwanja, "haya mambo hayana haraka. Ninyi mmezoea dansi."

"Lakini bendi zetu zote si zinaitwa jazi, mzee?"

"Zile si jazi!" wakajibu wote watatu kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowasikia wakiingia kwa wakati mmoja.

Basi. Nilikuwa nimecheza jazi miaka kumi na tano, nimemaliza soli za viatu jozi sijui ngapi, kumbe nilikuwa sichezi jazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kutoka kwenye kanda sita, niwatolee vipande tu wanavyovipenda, nivipange kwenye kanda moja ya dakika tisini. "Si nyimbo nzima," alisema wa Ulaya. "Roho ya nyimbo."

Siku ya kwanza nilijua redio imekula kanda. Saksafoni ilikuwa inalia kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Nikaitoa kanda, nikaizungusha kwa kalamu, nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa spiriti, nikairudisha. Ikalia vilevile. Nikasafisha tena. Mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba mwenyewe analia kwa makusudi, na amelipwa.

Lakini nilikaa na zile kanda wiki nzima, na sitadanganya, ziliniingia. Mbali na Mama wa Debe kulikuwa na Ng'ombe Wamegoma. Hapo ala zote zinakimbia pamoja, halafu zinasimama ghafla mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angesimama, kama kundi lililoona maji. Unasubiri, unasubiri, na yule wa kwanza kuvuka si fahali, ni kinanda kidogo kabisa. Kulikuwa na Mwenye Nyumba Kagonga pia, kinanda cha umeme kinanong'ona peke yake, dramu ikagonga mara mbili, na wote wakanyamaza kama hawamo ndani. Wapangaji wenzangu mnaujua ukimya huo. Wale wasomi walihitaji safari ya Ulaya kuuelewa.

Kanda ilipokamilika, mkia ulibaki wa dakika kama nane. Karibu na mkono wangu palikuwa na kanda ya mjomba.

Mjomba alikuwa ndugu wa mama, anaishi Mkonze, ambayo wakati huo ilikuwa mashamba. Alipiga marimba ya kwetu, lile sanduku la mbao lenye vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vyuma vyake alivifua kutoka kwenye nyaya za miavuli. Sanduku lina tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe wa kuhifadhia mayai yake, ndio unaoipa sauti ile ya kuvuma. Nilimrekodi baada ya mavuno, wanawake wakimpigia ngoma. Betri zilikuwa mpya lakini zilikuwa zinaniuma roho kila dakika, kwa hiyo katikati nikampigia kelele: "Mjomba, fupisha, betri zinaisha!" Akakasirika, akaumaliza wimbo mbiombio, kama anayefukuza kuku.

Hicho kipande cha hasira ndicho nilichojazia mkiani. Sauti yangu niliikata. Na msinione mtoto mwema: sikumweka mjomba kwa heshima. Nilimweka kama nilivyokuwa naweka mpira wa redioni.

Jumamosi tukakaa barazani, kanda ikazunguka. Wakatikisa vichwa vizuri tu, kipande baada ya kipande, mimi nikiitazama X yangu ikifutika. Ukafika mkia. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha!" akasema Bwana Viwanja.

Vidole vya mjomba vikapita mbio. Wa Ulaya alisimama. Kweli, alisimama na bilauri yake.

"Huyu nani? Mbona hamkuniambia mna huyu?"

"Nilidhani ni wako," akasema Bwana Viwanja.

"Sikieni kinanda kinavyovuma. Huo ni mtambo wa Kijapani, nimewahi kuuona."

"Hapana, wa Kimarekani," akasema Wa Kwetu, macho kafumba. "Wajapani hawavumi hivyo."

Buibui wa Mkonze akapewa uraia wa nchi mbili, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu Bwana Viwanja alinishika bega, akasema, "Fundi, hii ndiyo fyusheni. Hii ndiyo yenyewe! Nitafutie kanda nzima ya huyu bwana, na lile jambo lako lihesabu limekwisha."

Sasa kanda nzima ningeitoa wapi? Nikaenda Mkonze na redio. Nikamweleza mjomba kila kitu, na hapo ndipo nilipokosea, maana mjomba hakuwa mtu wa kunyenyekea.

"Walisema nini? Rudia."

"Walisema ndiyo yenyewe."

"Aliyesimama alisimama kabisa, au alijiinua tu?"

"Alisimama, mjomba."

"Basi sirekodi. Nakwenda mwenyewe. Kuna nyama huko?"

Jumamosi iliyofuata akatokea barazani na koti lake la kanisani, ndala miguuni, sanduku kwapani. "Mbukwenyi!" akawasalimu, kama tunavyosalimiana kwetu. Wawili hawakuelewa. Wa Kwetu akaangalia saa yake, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We si mtoto wa kwetu? Pua hiyo naijua."

Nikawaeleza wakubwa kwamba huyu ndiye yule wa kwenye kanda. Bwana Viwanja akacheka, kisha akaona sicheki. "Haya, apige tumsikie."

Mjomba akapiga kwa namna yake, namna ya kwao, bila mtu wa kumfukuza. Alilamba kidole, akakagua utando. Akaanza polepole, akarudia palepale mara nyingi, kila mara akisogeza kitu kimoja kidogo sana, akakatiza kusimulia habari ya shemeji yake, akarudi. Ulikuwa upigaji bora kuliko wa kwenye kanda mara kumi. Kufikia dakika ya sita wa Ulaya alikuwa anaangalia ndala za mjomba.

"Ni nzuri," akasema mwishowe. "Nzuri sana kwa ngoma za kupokea wageni."

"Uwanja wa ndege," akaongeza Wa Kwetu.

Mjomba aliwatazama mmoja mmoja. Mbona hakuna aliyesimama?

Bwana Viwanja akanivuta kando, lakini si mbali, sauti yake kila mtu aliisikia. "Fundi, mtu akikosea anakiri. Sema tu ulitutania, huyu siye. Nipe jina la yule mwingine. Sijabadilika kwenye lile jambo lako."

Alikuwa amenirahisishia. Neno moja, *siye*, na watoto wangu wangeendelea kula. Nilifungua mdomo nikiwa bado sijui litatoka lipi, nikamwona mjomba anafuta vyuma vyake kwa pindo la koti, kimoja kimoja, huku anasubiri nimjibie.

Nikageuka nikapiga kelele: "Mjomba, fupisha, betri zinaisha!"

Akaruka kama aliyechomwa. "Betri gani tena, mpumbavu wewe!" Na kwa hasira ileile akaubamiza wimbo: mbio zilezile, mavumo yaleyale, pale anapojikwaa na kujiokoa, mpaka ile nukta ya mwisho inayokatika kama mlango uliofungwa kwa teke. Mkia mzima wa kanda, mbele ya macho yao.

Wa Kwetu alicheka, akaziba mdomo. Wa Ulaya alikaa chini. Kimya kilikuwa cha Mwenye Nyumba Kagonga kabisa.

Bwana Viwanja akakohoa. "Hata hivyo," akasema, "kwenye kanda kulikuwa na kitu ambacho hapa hakipo." Kisha akanitolea kanda yake. "Huo mkia ufute."

Niliipokea, nikaitia mfukoni, nikamwambia mjomba twende. Kanda hiyo sikuifuta wala sikuirudisha. Tingatinga lilikuja Jumanne ya wiki iliyofuata. Niliokoa redio, daftari na mlango wenye TUNAREKODI, nikahamia Nzuguni wakati watu bado wanauliza nani ataishi kule, nikafungua duka la redio na betri, nikajenga. Nyumba hii ni ya matofali, na hakuna aliyewahi kuipaka rangi zaidi yangu.

Lakini nirudi kwenye vipande, maana ndiyo habari niliyoianza. Siku ile nilimsindikiza mjomba mpaka karibu na Mkonze. Hapo akasema, "Nyama hawakutoa," na baada ya hapo, "Ule wimbo una sehemu ya tatu. Nyinyi hamjawahi kuifikia." Nikamwambia nitakuja na betri za kutosha, tuurekodi wote. Nikawa na biashara ya kuhamisha, halafu nyumba ya kujenga, halafu yeye akafa.

Ninayo kanda. Mama wa Debe anashuka, ng'ombe wanagoma, mwenye nyumba anagonga, na mkiani mzee mmoja anakimbizwa. Watangazaji wakishusha sauti zao naipiga hiyo, na kila mgeni anaipenda pale vidole vinapopita mbio. Mimi hapo ndipo ninapozima. Sehemu ya tatu siijui, na mimi niliyeizuia kwa uchoyo wa betri nina nyumba nzuri.