Kasuku wa Mama Mukubwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, niliitikia salamu ya mtu ambaye tulikuwa tumekwisha kumzika. Nimesema mengi katika maisha yangu, ya kwangu na ya watu, na mtaa wetu hapa Butembo unanijua vizuri. Mais, yaani lakini, hili sikulisema. Nalisema leo kwa sababu wote waliokuwa ndani yake wamelala, nimebaki mimi.

Marehemu alikuwa Mama Mukubwa Kavugho, dada mkubwa wa mama yangu. Aliolewa Mangina, mume akafa mapema, mtoto hakupata, akabaki na biashara ya mawese na kasuku mmoja wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kasuku huyo alimpa jina la Bwana. Wanawake wa Mangina walicheka sana, walisema mjane yule ndiye aliyepata bwana mzuri, hanywi pombe ya kasiksi wala hatafuti mke wa pili. Yeye hakujali. Kila asubuhi, akisikika tu anafungua mlango wa jikoni, ndege alikuwa anamsalimia kwa Kinande: "Wavukire?" yaani umeamka. Ndege alikuwa amejifunza kwake, kwa hiyo alisema kwa sauti yake mwenyewe Mama Mukubwa, ileile nzito yenye mkwaruzo wa moshi. Mama Mukubwa aliitika, "Ee, wavukire," kisha ndipo wote wawili walikula.

Tulipokwenda Mangina kumaliza kilio, familia ilikaa kugawa vitu. Mashemeji walichukua mapipa ya mawese, kitanda na cherehani. Mmoja wao, sitamtaja kwa sababu wajukuu wake wanasali misa moja nami, alivaa vitenge vya marehemu vitatu, kimoja juu ya kingine, akatoka nje kama mwenye mimba ya mapacha. Mwishoni vilibaki sufuria lililotoboka, na ndege.

Bwana alikuwa mzee tayari. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, jeupe kama yai la kuchemsha. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja, ulikatwa na kamba ya wale waliomtega porini zamani. Na tangu Mama Mukubwa afe alikuwa anajinyonyoa manyoya, kifua chote kilikuwa ngozi tupu yenye vidonda.

"Ile tuichinje tu," alisema shemeji mmoja.

"Utakula nini pale? Hata supu haitoe," alisema mwingine.

Mama yangu alisimama. "Mimi nitaibeba."

"Weye, mama ya Masika? Benzako banabeba manguo, weye unabeba midomo?"

Masika ndiye mimi. Mama alimtia ndege ndani ya kikapu, akafunika na kitambaa chake cha kichwani, na tukapanda lori la kurudi Butembo. Njia yote alikuwa ameshika kikapu kile kama watu wanavyoshika mtoto mgonjwa, na mdogo wangu Kahindo, wa miaka miwili, akalala mapajani mwangu mimi.

Nyumbani tulikuwa tunakaa na mama ya baba. Tulimwita Mukaka, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Mukaka alikuwa mwanamke mfupi, mkali, hapitwi na jambo, na wanaonijua wanasema nimemrithi. Alituacha tukashusha mizigo yote. Kesho yake asubuhi, sauti ya Mama Mukubwa ilipotoka jikoni ikisema "Wavukire?", Mukaka alidondosha kikombe chake cha chai.

Alituita watoto wote, akatusimamisha mbele yake.

"Musikilize. Mutu akikufa, sauti yake inabakiaka inatafuta mutu wa kuiitikia. Ukiitikia, imejua njia ya kwenu. Itarudi kubeba mutu. Na hapana lazima ikubebe weye. Inabebaka ule mwepesi."

"Mais Mukaka, ni ndege tu," nilisema.

"Ee, ni ndege njo. Na sauti ni ya nani?"

Baba, ambaye hakupenda maneno kati ya mama yake na mke wake, alikata kwamba ndege atakaa jikoni, kile kibanda cha nyuma, na hakuna mtu atakayemwitikia. Mama alikubali. Ungewaona Mama na Mukaka wakiinamisha vichwa, ungefikiri wamesaini karatasi kwa shefu wa mtaa.

Sasa fikirini jambo hili, ninyi mliolelewa kwetu. Mkubwa akikusalimia asubuhi ukanyamaza, unaitwa mtoto asiye na wazazi. Nilikuwa nimechapwa kwa kosa hilo. Na pale kila asubuhi nilikuwa ninapita na ndoo ya maji, mkubwa ananisalimia, na mimi ninanyamaza. Nilikuwa ninasikia aibu mpaka masikioni.

Bwana alisalimia mara tatu. Baada ya kila mara aliinamisha kichwa, jicho zima likitazama mlango, akingoja. Ya tatu ikipita bila jibu, alikuwa anashika unyoya mmoja wa kifuani, anauvuta, anauangusha chini. Kisha anageukia ukuta. Chakula hakugusa. Mama aliwaagiza madereva wa Beni ngazi mbichi, yale matunda ya kutolea mawese, kwa sababu hapa kwetu kwenye baridi michikichi haioti. Ziliharibika mbele yake. Mama alimsogezea ndizi, mahindi, karanga za kutafunwa, na jioni alikuwa anaviondoa vilevile vilivyo. Kifua kilichongoka kama kisu. Nilimwona Mama akishika mfupa ule kwa kidole, halafu akifuta mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mimi nilimtaka ndege yule kwa sababu zangu. Nilitaka kuwa mtoto mwenye kasuku. Nilipomkaribia mara ya kwanza aliniuma, alama iko hapa kwenye kidole gumba, nawaonyesha wajukuu. Aliniuma mara ya pili, na ya tatu. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa ninatokea upande wa jicho bovu, yeye anashtukia tu mkono umefika. Nikaanza kuzunguka nitokee kulia, nikigonga ndoo kwa kucha polepole ajue ninakuja. Nikazungushia kijiti chake vitambaa vya zamani, mguu ule mbovu upate kushika. Akaacha kuniuma. Kula, hapana.

Siku ya tisa au ya kumi, sikumbuki, alisalimia mara moja tu. Ya pili ilitoka nusu. Alianguka kutoka kwenye kijiti, akabaki sakafuni kwenye majivu, mabawa wazi.

Mukaka alikuwa kanisani, Mama alikuwa amekwenda shambani. Niliangalia mlangoni. Nilijificha nyuma ya gunia la makaa, sijui nani asinione, na nikasema kwa sauti ndogo sana, "Ee, wavukire."

Alinyanyua kichwa. Nikarudia. Akasema yake, nikasema yangu. Halafu akaburuta ule mguu mpaka kwenye ngazi, akaishika moja, akaanza kuimenya. Mafuta mekundu yalimchuruzika kifuani kwenye vidonda. Nilicheka, kisha nikakumbuka nimefanya nini, nikatoka mbio kuangalia kama kuna aliyenisikia.

Tangu hapo kila asubuhi niliamka kabla ya wengine na nikawahesabu: Baba, Mama, Mukaka, kaka zangu wawili, Kahindo. Wote wanapumua. Nilikuwa ninasema, basi labda sauti haikunisikia mimi, imesikia ndege tu. Nikaenda jikoni nikaitikia tena. Ndege alinenepa. Manyoya madogo meupe kama pamba yalianza kutoka kifuani.

Mama alifurahi hata akawa anaimba akitwanga. Mukaka yeye hakuimba.

"Kuna mutu anaiitikiaka ile ndege," alisema siku moja tukiwa mezani.

Alitupitishia macho mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilikuwa nimejaza mdomo bugali na majani ya sombe. Nilitikisa kichwa. Nilijua kusema uongo vizuri tangu utoto, Mungu anisamehe, ilikuwa ni kipaji. Mama naye aliangalia sahani yake. Hilo nililiona, na sikulifikiria.

Surua ilifika mtaani kwetu wakati wa mvua. Ilianzia nyumba za chini karibu na kisima, ikapanda kilima nyumba kwa nyumba. Kaka zangu waliugua, wakapona. Mimi niliugua siku nne. Kahindo aliugua siku sita, ya saba akafa asubuhi, mgongoni mwa Mama, njiani kwenda dispanseri. Mama aliendelea kutembea. Masista wa pale ndio waliomwambia.

Mukaka hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Watu walipojaa uwanjani alikaa kwenye mkeka, akageuza uso kuelekea jikoni, akabaki hivyo. Mwanamke jirani akamuuliza, "Mama, unaangalia nini?" Akajibu, "Mimi nilisema." Maneno mawili. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, na nikahisi kama amenishika shingo.

Baada ya mazishi niliingia jikoni peke yangu. Nilitaka kumtoa Bwana nje ya ua na kumwachia mbwa. Nilimwendea moja kwa moja, sikugonga ndoo. Alinisalimia. Sikuitikia. Nikanyoosha mikono nimkamate, na hapo nikakaa chini kwenye majivu, nikalia kilio ambacho sikulia makaburini.

Alishuka kwenye kijiti kwa mdomo, kidogo kidogo, kama mzee anayeshuka kilima. Akanijia akichechemea. Alipanda mguu wangu, akapanda goti, akashika nguo yangu akapanda mpaka kifuani. Hakuwahi kunigusa kabla, ila kwa kuniuma. Halafu akaweka kichwa chake chini ya kidevu changu, akinipa upande wa jicho lililokufa, upande ule aliokuwa haruhusu mtu kuukaribia. Akakaa hivyo. Alikuwa na joto.

Miezi yote ile nilikuwa nimeitafuta siku hiyo, na ilipofika sikuitaka. Lakini sikuweza tena kumpeleka kwa mbwa.

Sikumwitikia tena, hata siku moja. Nilimpa maji, nilimpa ngazi, nilimfunga vitambaa vipya. Nilingoja aache kula, ajiue mwenyewe. Hakuacha. Nilifikiri amezoea. Alikaa nasi miaka, akafa kwa uzee kabla sijaolewa, na Mama akamzika chini ya migomba bila kumwambia mtu.

Sasa niwapeleke kwenye mwaka wa ule ugonjwa wa kutokwa damu ulioanzia Mangina, ukafika Beni, ukafika kwetu. Mnakumbuka, ndoo ya kunawia kila mlango, na salamu za kiwiko. Mama alikuwa mzee sana, anakaa kwangu, macho yamefifia lakini masikio mazima. Vijana wa kuandika waliogusana na wagonjwa walikuja kwa jirani yetu ambaye mume wake alikuwa amepelekwa kutengwa. Walisimama nje ya ua, na tuliwasikia vizuri: Aligusana na nani? Alilala na nani? Nani alimuosha? Nani alimbeba?

Mama alikuwa ameketi mlangoni na blanketi.

"Masika," aliniita.

"Mama."

"Uwaambie bale bana, baniandike na mimi."

"Bakuandikie nini, Mama? Hukugusa mutu."

"Kwa ajili ya Kahindo." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayepita kwenye matope. "Ni mimi nilimupelekea ugonjwa. Ile ndege, siku ilianza kula, roho yangu ilifunguka. Kesho yake niliiitikia. Ilikuwa sauti ya yaya wangu, mukubwa wangu Kavugho. Weye ukienda kisimani, nilikuwa ninaingia jikoni, ninaitikia kidogo, ninawasha moto. Kila siku, mpaka ikafa. Nyanya yenu alisema, na mimi sikusikia. Nilimuua mwana yangu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Niliona yote kwa mara moja, jinsi alivyoangalia sahani yake pale mezani, na kwa nini ndege hakuacha kula. Ndege alianza kula kwa sababu yangu, na Mama akaitikia kwa sababu alimwona amekula. Nilikuwa na maneno tayari: Mama, mimi ndiye nilianza.

"Kunywa uji, Mama," nilisema. "Unapoa."

Aliunywa. Alikufa baada ya wiki tatu, kwa uzee tu, ingawa walimzika kama walivyozika wengine wakati ule, kwa glovu, sisi tumesimama mbali.

Surua haihitaji kasuku, ninajua. Mjukuu wangu ni muuguzi, alikwishanieleza vizuri, na hata Mama alielezwa na masista siku zile. Mama hakutaka kuelezwa. Alitaka mtu mmoja akae naye ndani ya lile jambo, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake na kikombe mkononi. Ningesema neno moja, angecheka labda, au angenipiga, au tungelia wawili.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza, na sitawadanganya. Haikuwa huruma. Alipomaliza kusema, nilijisikia mwepesi. Zaidi ya miaka hamsini nilikuwa nimebeba kitu, na mwanamke yule mzee, nusu kipofu, alikuwa amenyoosha mkono akakichukua, na mimi nikamwachia. Nilikuwa kama mtoto anayeangalia mwingine anachapwa kwa kosa lake, anashukuru kimyakimya kwamba mwalimu hakuuliza zaidi.

Wepesi ule ulikaa mpaka alipomaliza uji. Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha, na haujarudi.