Gitaa la Karani

Jirani yangu, karani wa masjala, hukata kucha za mkono wa kushoto tu, tena mlangoni, ili wapita njia waulize. Ukiuliza atakuambia anajifunza gitaa la jazi, na kwamba Bariadi nzima haina mwalimu wa kiwango chake. Kiwango chake nakijua, maana tunatenganishwa na ukuta mmoja: anatazama somo kwenye simu, anapiga mwanzo wa wimbo, bando linaisha, na wimbo unaishia hapo. Ofisini vidole vyake hubonyeza mafaili kana kwamba yana nyuzi.

Mwezi uliopita alinivuta hadi Malampaka, ambako alisikia kuna mtu anafundisha gitaa. Tukamkuta Mama Milembe, mkulima, akiipigia kwaya gitaa kwa vidole vilivyochubuliwa na vitumba vya pamba.

"Karibu, mwanangu. Wewe piga, sisi tutaimba."

Karani akamweleza kwamba jazi si muziki wa kuimbwa na kila mtu.

"Basi piga huo usioimbwa, tuusikie."

Karani akaanza kukaza nyuzi za gitaa lake. Alizikaza kwa umakini wa profesa, akatega sikio, akalegeza, akakaza tena, hadi kwaya ikasali sala ya kufunga na kutawanyika. Njiani akaniambia pale hapana mwalimu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta stendi, gitaa mgongoni, akiulizia gari la Malampaka. Anakwenda kuwasaidia, alisema. Tangu hapo nasikia ukutani wimbo wa kwaya, na siku hizi unafika mwisho.