Mahali Mama Aliposhusha Sauti

Mwezi uliopita nilikwenda Tarime kumzika mdogo wangu wa kike. Kwaya ya kanisa lake iliimba wimbo wa jioni, ule aliokuwa akiupenda mama. Walipofika ubeti wa pili, mahali sauti inapopanda, yangu ikashuka. Kijana aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama. Sikumlaumu. Hakujua kwamba kushuka kule kumeishi miaka mingi kuliko yeye.

Kama ulikulia Mbalibali utakumbuka maisha ya mlimani, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Kanisa lilikuwa mbali. Mama aliushika wimbo ule kwa mwinjilisti aliyepita mara moja, na ingawa ni wa jioni, akawa anauimba kila asubuhi akisaga ulezi. Tuliamshwa na mkwaruzo wa jiwe, moshi wa kuni mbichi na sauti yake. Pale pa kupanda, yeye alishuka. Sisi watoto wake watatu tukaujua wimbo hivyo.

Baba alikuwa ametangulia kaburini. Mama alipomfuata, mimi nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule, nikashika jiwe, ili wadogo zangu wasome. Siku ya kuhama, lori lilipakia milango, vyungu na kuku. Lile jiwe dogo la kushika mkononi nililipakata mwenyewe mpaka tulipofika.

Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja, na kanisa lilikuwa karibu. Mimi na mdogo wangu wa kike tukaingia kwaya. Siku ya kwanza tu mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo.

"Nyinyi mabinti wa mlimani, hapo watu wanapanda. Mnatelemka kwenda wapi?"

Wenzetu wakacheka. Tukarudia, tukashuka tena. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda kuimba Issenye, naye akasema asiyepanda atabaki kijijini.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu akapanda. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, sauti yake juu, yangu chini, zikasuguana kama jembe linalokwaruza mwamba. Nilihisi ameniacha peke yangu na mama.

Nyumbani nilisonga ugali nikiwa nimempa mgongo.

"Dada, mama alikosea tu," akasema.

"Mama hakukosea."

"Kwa hiyo kanisa zima limekosea, mama ndiye aliyepatia?"

Mdogo wetu wa kiume akasema, ugali ukiwa mdomoni, "Mkiimba nyinyi wawili, hata ng'ombe wanajua kuna ugomvi."

Hatukucheka. Yeye akaenda Issenye, mimi nikabaki.

Asubuhi waliyoondoka, nikisaga, ndipo nilipoelewa. Ukifika pale pa kupanda, mkono umesukuma mpaka mwisho wa jiwe na pumzi imekwisha. Sauti haina pa kwenda ila chini. Mdogo wangu asingeweza kulijua hilo, maana hakuwahi kusaga. Mimi ndiye niliyemzuia, nikimwambia kila siku aende shule.

Nilipanga kumweleza. Lakini alirudi amechoka, ana furaha, na kipande cha mkate alichoniwekea kwenye kitambaa. Niliona nikisema itakuwa kama ninamsimanga. Nikala mkate.

Tangu hapo kila mmoja aliimba kwa njia yake. Hata alipoolewa Tarime, alipokuja kunitembelea tuliuimba tukiosha vyombo. Yeye akapanda, mimi nikashuka, akanifinya mkono na kuniita mbishi. Masikio yalikereka, lakini nilijua yupo. Na ile habari ya jiwe sikumwambia kamwe. Nilidhani muda upo.

Siku hizi ulezi unasagwa mashineni, na jiwe dogo linazuia mlango wangu usijifunge. Jioni huwa nauimba wimbo ule nikiosha sahani yangu moja. Nikifika ubeti wa pili ninashuka, kisha ninangoja kidogo. Hakuna sauti inayogongana na yangu. Ungepita nje ukanisikia, ungesema ninauimba sawasawa.